Protini na Kupunguza Unene: Historia ya Sifa Iliyotangulia Vipimo

Miongoni mwa virutubishi vitatu vinavyoupa mwili wa binadamu nishati, yaani wanga, mafuta na protini, hicho cha tatu ndicho ambacho wataalamu wa kupunguza unene hawajawahi kukitia hatiani. Wanga, unaopatikana kwa wingi katika nafaka, viazi na sukari, ulilaumiwa katika karne ya 19, ukasamehewa kwa muda katika karne ya 20, kisha ukalaumiwa upya; mafuta nayo yalisifiwa, yakapigwa vita, na siku hizi yameanza kurudishiwa hadhi. Protini, ambayo ndiyo malighafi ya misuli, ngozi, damu na vimeng'enya, imepita katika misukosuko yote hiyo ikiwa na jina safi, na karibu kila kizazi cha Ulaya na Marekani kimeandika upya kitabu kilekile kinachoahidi kwamba atakayekula nyama, samaki na mayai atapungua mwili bila kuona njaa. Sifa hiyo ilijengeka kwa karibu miaka 200, sehemu kwa majaribio ya maabara, sehemu kwa biashara na sehemu kwa hofu za kila zama, na anayeifuatilia historia yake huona jinsi ukweli mdogo ulivyobebeshwa ahadi kubwa kuliko uwezo wake.

Msingi wa sifa hiyo uliwekwa Ufaransa na Ujerumani. Mwaka 1816 mwanafiziolojia Mfaransa François Magendie aliwalisha mbwa chakula cha aina moja tu kisicho na naitrojeni, kama vile sukari, mafuta ya zeituni au siagi, pamoja na maji yaliyokenekwa, na wanyama hao, ingawa hawakunyimwa chakula, walikonda na kufa baada ya wiki chache. Jaribio hilo lilionyesha kwamba vyakula vyenye naitrojeni, elementi ambayo haimo katika wanga wala katika mafuta, havina mbadala. Mwaka 1838 mkemia Mholanzi Gerrit Jan Mulder, kwa ushauri wa Jöns Jacob Berzelius wa Uswidi, akavipa viini hivyo vya naitrojeni jina la protini, na miaka minne baadaye Justus von Liebig, mkemia wa Kijerumani aliyesikilizwa kuliko wenzake wote wa wakati huo, alifundisha kwamba protini ndiyo inayotumika misuli inapofanya kazi, ilhali wanga na mafuta huutia mwili joto tu. Kwa mafundisho hayo nyama ikahesabiwa kuwa chakula cha nguvu, na mwaka 1865 jina la Liebig likatumika kuanzishia kampuni mjini London iliyouza rojo nzito ya nyama kutoka Fray Bentos nchini Uruguay, ingawa rojo hiyo, baada ya nyama kuchemshwa na kuchujwa, ilibakiwa na protini kidogo mno.

Mwaka huohuo nadharia ya Liebig ilipelekwa mlimani kupimwa. Adolf Fick, mwanafiziolojia, na Johannes Wislicenus, mkemia, wote wawili maprofesa wa Zürich, waliacha kula protini tangu mchana wa tarehe 29 Agosti 1865, na siku iliyofuata wakaupanda mlima Faulhorn kutoka kando ya ziwa Brienz nchini Uswisi, wakipaa kiasi cha meta 1,956. Chakula chao kilikuwa vikate vya wanga mtupu vilivyokaangwa kwa mafuta, na kinywaji chao kikuu chai yenye sukari. Mkojo wao wote ulikusanywa kabla ya safari, wakati wa kupanda na baada ya kufika, kwa kuwa kiasi cha naitrojeni kinachotoka na mkojo ndicho kipimo cha protini iliyovunjwa mwilini. Hesabu yao, iliyotiliwa nguvu na vipimo vya mkemia Mwingereza Edward Frankland kuhusu joto linalotolewa na kila chakula, ilionyesha kwamba nishati ya protini waliyoitumia ilikuwa pungufu sana kuliko kazi ya kuinua miili yao hadi kileleni, na kwa hiyo misuli ilikuwa imetumia wanga na mafuta. Wanafiziolojia wengi waliukubali ushahidi huo polepole, lakini nje ya maabara imani kwamba nguvu hutoka kwenye nyama iliendelea kama kwamba hakuna aliyepanda mlima.

Aliyeihamisha protini kutoka mjadala wa nguvu hadi mjadala wa unene hakuwa msomi wa tiba. William Banting alikuwa msimamizi wa mazishi mjini London, wa familia iliyokuwa na dhamana ya mazishi ya kifalme, na kufikia Agosti 1862, akiwa amekwisha kuvuka umri wa miaka 60 na ana kimo cha sentimeta 165 hivi, alikuwa na uzito wa karibu kilo 92. Kwa maelezo yake mwenyewe hakuweza kuinama kufunga kamba za viatu, na ngazi ilimbidi aishuke kinyumenyume ili kupunguza maumivu ya magoti na vifundo. Alikuwa amejaribu kupiga makasia, zoezi lililomwongezea hamu ya kula kuliko lilivyompunguza, pamoja na dawa na mabafu ya mvuke, na yote hayakufua dafu. Alipokwenda kwa daktari wa masikio William Harvey kwa sababu usikivu wake ulikuwa unafifia, daktari huyo, aliyekuwa amehudhuria mihadhara ya Claude Bernard mjini Paris kuhusu namna ini linavyotengeneza sukari, alihukumu kwamba tatizo la masikio limetokana na unene, akamkataza mkate, siagi, maziwa, sukari, bia na viazi.

Milo aliyopangiwa Banting inafaa kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu ndiyo iliyoigwa na vitabu vingi vilivyofuata. Asubuhi alikula gramu 110 hadi 140 za nyama ya ng'ombe au ya kondoo, figo, samaki wa kuchoma au nyama baridi, pamoja na kikombe kikubwa cha chai isiyo na maziwa wala sukari na kipande kidogo cha mkate mkavu uliochomwa. Mchana alipata gramu 140 hadi 170 za samaki au nyama, mboga yoyote isipokuwa viazi, kipande kingine cha mkate, kuku au nyama ya mawindo, na glasi mbili au tatu za mvinyo usio mtamu. Alasiri matunda na chai. Na usiku gramu 85 hadi 115 za nyama au samaki pamoja na glasi moja au mbili za mvinyo. Katika muda wa mwaka mmoja alipungua kilo 21 na kiuno chake kikapungua sentimeta 31, akaona ni wajibu kuwatangazia watu habari hizo katika kijitabu alichokichapisha mwaka 1863 kwa gharama zake mwenyewe kama barua kwa umma. Kijitabu hicho kilichapishwa tena na tena, kikatafsiriwa katika lugha nyingine za Ulaya, na jina la mwandishi likawa kitenzi cha kujinyima chakula, ambacho Waswidi wanakitumia hadi leo.

Wasomaji wa Banting waliona nyama, na kwa haki, kwa kuwa ilikuwamo katika kila mlo mkuu. Hata hivyo, mafungu hayo matatu yakijumlishwa hayazidi gramu 430 kwa siku, na kilichobadilika zaidi hakikuwa kilichoongezwa bali kilichoondolewa, maana awali mtu huyu alikuwa akianza siku kwa mkate na maziwa au kwa chai yenye sukari tele na mkate wa siagi, akila mchana mikate na vitobosha pamoja na bia, na kumalizia usiku kwa andazi la matunda. Aliyeacha vitu vyote hivyo kwa pamoja amepunguza nishati ya siku kwa kiasi kikubwa, hata kama hakukusudia kuihesabu. Nchini Ujerumani tabibu Felix von Niemeyer aliuchukua mlo huo akapunguza na mafuta, akabakiza nyama isiyonona, na hapo ndipo mpango ambao kiini chake kilikuwa kuacha wanga na sukari ulipogeuka kuwa mlo wa protini kwa maana kamili.

Chombo cha kupimia madai hayo kilipatikana mwishoni mwa karne hiyo. Kalori ya lishe ni kiasi cha joto kinachotosha kupandisha halijoto ya kilo moja ya maji kwa nyuzi moja ya Selsiasi, na Max Rubner, mwanafunzi wa Carl von Voit mjini Munich, alionyesha mwaka 1883 kwamba virutubishi vinaweza kushika nafasi ya vingine katika kuupa mwili nishati kwa kadiri ya joto lililomo ndani yake. Huko Middletown, Connecticut, Wilbur Atwater na mwenzake Edward Rosa walijenga chumba kidogo kilichozibwa barabara, ambamo mtu aliishi kwa siku kadhaa huku chakula chake, hewa aliyoitoa na joto la mwili wake vikipimwa, na kutokana na kazi hiyo zikapatikana namba zinazotumika hadi leo: gramu moja ya protini hutoa takribani kalori 4, ya wanga 4 na ya mafuta 9. Kwa kipimo hicho protini haikuwa na ubora wowote wa pekee kama chanzo cha nishati, lakini Voit na Atwater wenyewe hawakuishusha hadhi, kwani walipendekeza kwa mfanyakazi gramu 118 na 125 kwa siku, namba zilizotokana zaidi na kuangalia wafanyakazi walichozoea kula kuliko kupima walichohitaji. Mwaka 1904 Russell Chittenden wa Chuo Kikuu cha Yale alichapisha majaribio aliyofanya juu ya nafsi yake, wenzake, askari na wanamichezo, akaonyesha kwamba watu walibaki wazima na wenye nguvu kwa chini ya nusu ya kiasi cha Voit. Yeye mwenyewe alishuka kutoka kilo 65 hadi 57 akiwa anakula protini kidogo. Hivyo mtu aliyeichunguza protini kwa uangalifu huo alipungua huku akiipunguza, jambo ambalo wauzaji wa milo ya nyama hawakupenda kulikumbusha. Lulu Hunt Peters, daktari wa California, alipotoa kitabu chake mwaka 1918, aliwafundisha wanawake wa Marekani kuhesabu kalori bila kujali sana zimetoka wapi.

Swali la mtu kuishi kwa nyama peke yake lilijibiwa mwaka 1928 katika hospitali ya Bellevue mjini New York. Mvumbuzi Vilhjalmur Stefansson, aliyekuwa ameishi miaka mingi na Wainuiti wa Aktiki, pamoja na mwenzake Karsten Andersen, walikubali kula nyama tu kwa mwaka mzima chini ya uangalizi wa madaktari, kwa fedha za chama cha wafanyabiashara wa nyama. Wote wawili walimaliza mwaka wakiwa wazima, na matokeo hayo yakatangazwa kuwa ushindi wa nyama, lakini ndani ya taarifa mna jambo lenye uzito zaidi, kwamba sehemu kubwa ya nishati yao, kama robo tatu au zaidi, ilitoka kwenye mafuta, na Stefansson alipopewa minofu mitupu isiyo na mafuta aliugua tumbo na kichefuchefu katika siku chache, akapona aliporudishiwa mafuta. Sababu yake inaeleweka. Protini inapogeuzwa kuwa nishati, ini hulazimika kuondoa naitrojeni yake kwa kuifanya urea, ambayo figo huitoa kwa mkojo, na kazi hiyo ina kikomo. Mwili unaweza kuongezewa protini, lakini hauwezi kuendeshwa na protini peke yake.

Katika miaka hiyohiyo sifa ya protini ilifika Afrika Mashariki kwa njia nyingine. Mwaka 1931 John Boyd Orr, mtaalamu wa lishe wa Aberdeen ambaye baadaye aliongoza Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, na John Gilks, mkuu wa idara ya tiba ya Kenya, walichapisha uchunguzi uliowalinganisha Wamaasai, waliokula maziwa, nyama na damu, na Wakikuyu, waliotegemea nafaka, viazi vitamu, ndizi na jamii ya kunde. Taarifa hiyo ilieleza kwamba mwanamume wa Kimaasai alimzidi wa Kikikuyu kwa wastani wa inchi 5 za kimo, karibu sentimeta 13, na kwa kilo 10 na ushei za uzito, na tofauti hiyo ikahusishwa na chakula, ingawa jamii hizo zilitofautiana pia kwa asili, kwa kazi na kwa ardhi ambayo ukoloni ulikuwa umeichukua. Miaka miwili baadaye Cicely Williams, daktari aliyefanya kazi Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana, alieleza ugonjwa wa watoto wachanga walioachishwa ziwa na kulishwa uji wa mahindi, na mwaka 1935 akautambulisha kwa jina la kienyeji ambalo Kiswahili kimelipokea kuwa kwashakoo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mashirika ya kimataifa yaliamini kwamba upungufu wa protini ndilo tatizo kubwa la lishe duniani, hadi Donald McLaren alipoandika katika jarida la Lancet mwaka 1974 kwamba imani hiyo ilikuwa kosa kubwa, kwa sababu watoto wengi walikosa chakula cha kutosha kwa jumla, na protini inayoliwa pasipo nishati ya kutosha huchomwa badala ya kujenga mwili. Kirutubishi kilekile kilichotumainiwa kuwanenepesha watoto wa Kampala na Accra kilikuwa kikiuzwa New York kama kikondeshi, na kote kuwili kosa lilikuwa moja, yaani kukitazama nje ya sahani nzima.

Soko la New York lilikuwa limeiva. Mwaka 1967 daktari Irwin Stillman alitoa kitabu kilichoruhusu nyama isiyonona, kuku asiye na ngozi, samaki, mayai na jibini isiyo na mafuta, pamoja na glasi nane za maji kila siku, na mwaka 1972 Robert Atkins, daktari wa moyo wa Manhattan, akafuatia na kitabu kilichouzwa kwa mamilioni ambacho kiliruhusu na mafuta, ila kikapiga marufuku takribani wanga wote mwanzoni. Wasomaji wa vitabu hivyo waliona mizani ikishuka kwa kasi katika wiki ya kwanza, na kasi hiyo ndiyo iliyowauza waandishi. Maelezo yake ni kwamba mwili huhifadhi wanga katika ini na misuli kwa sura ya glaikojeni, na kila gramu ya glaikojeni huhifadhiwa pamoja na takribani gramu 3 za maji; wanga ukikatwa, akiba hiyo huisha na maji yake hutoka, hivyo kilo za mwanzo ni za maji zaidi kuliko mafuta, nazo hurudi mara mtu anaporejea kwenye wali na mkate. Chama cha Madaktari cha Marekani kiliushutumu mpango wa Atkins mwaka 1973, lakini shutuma hazikuuzuia kurudi kwa kishindo miaka 30 baadaye, kabla ya kampuni yake kuomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai mwaka 2005.

Sura ya giza ya historia hii ni ya protini ya maji. Mwaka 1976 Robert Linn, tabibu wa Pennsylvania, alichapisha kitabu kilichowashauri watu waache chakula kabisa na kunywa kimiminika cha protini kilichotengenezwa kwa kolajeni, yaani protini ya ngozi na kano zilizobaki machinjioni. Maelfu ya watu walikunywa vinywaji vya namna hiyo wakipata kalori 300 hadi 400 tu kwa siku, na kufikia mwisho wa mwaka 1977 serikali ya Marekani ilikuwa imepokea taarifa za makumi ya vifo, vingi vya wanawake waliokufa kwa mapigo ya moyo kuvurugika. Protini zimeundwa kwa asidi amino, ambazo 9 kati yake mwili wa mtu mzima hauwezi kujitengenezea, na kolajeni haina kabisa mojawapo ya hizo, triptofani. Chakula cha pwani na bara la Afrika Mashariki hutatua tatizo la namna hiyo bila maabara, kwa kuwa mahindi yana upungufu wa laisini ambayo maharage yanayo, na maharage yana upungufu wa methionini ambayo mahindi yanayo, hivyo makande hutoa protini kamili zaidi kuliko kila kimoja kikiliwa peke yake.

Majaribio makubwa ya karne ya 21 yameipa protini nafasi yake halisi. Mwaka 2009 timu ya Frank Sacks wa Harvard ilitoa matokeo ya watu 811 waliogawiwa milo minne iliyotofautiana kwa protini, mafuta na wanga, na baada ya miaka miwili upungufu wa uzito ulikaribiana katika makundi yote, kiasi cha kilo 4. Mwaka 2018 Christopher Gardner wa Stanford aliwafuatilia watu 609 kwa mwaka mmoja. Waliopunguza mafuta walipungua wastani wa kilo 5.3 na waliopunguza wanga kilo 6.0, tofauti isiyo na uzito wa kitakwimu. Hata hivyo, utafiti uliofanywa katika nchi 8 za Ulaya na kuchapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba watu waliokwisha kupungua walijizuia kunenepa tena kwa urahisi zaidi walipokula protini nyingi kidogo pamoja na wanga usiopandisha sukari ya damu kwa haraka. Sababu zake tatu zinajulikana: protini hushibisha zaidi, huulinda msuli mtu anapopungua, na kuimeng'enya kwenyewe hutumia asilimia 20 hadi 30 ya nishati yake, wakati kwa wanga ni asilimia 5 hadi 10 na kwa mafuta ni kidogo zaidi. Stephen Simpson na David Raubenheimer, walioanza kwa kuchunguza ulaji wa nzige, walipendekeza mwaka 2005 kwamba binadamu naye huendelea kula hadi apate protini inayomtosha, hivyo vyakula vya viwandani vyenye protini kidogo humfanya apitilize nishati.

Hukumu ya miaka hiyo 200 ni ya wastani kuliko vitabu vyote vilivyouzwa. Anayepungua mwili hupungua kwa sababu nishati anayoila ni pungufu ya anayoitumia, na protini humsaidia kuuvumilia upungufu huo bila njaa kali na bila kupoteza misuli, lakini haiwezi kuufanya mahali ambapo haupo. Mashirika ya Umoja wa Mataifa yaliweka mwaka 2007 kiwango salama cha gramu 0.83 kwa kila kilo ya uzito wa mtu mzima, ambacho kwa mtu wa kilo 70 ni gramu 58, nusu tu ya alichokitaka Voit, na kiasi hicho hupatikana kwa maharage, dagaa, mayai na maziwa bila kopo la unga wa kigeni. Anayetaka kukizidi kwa ajili ya kupunguza unene anaweza kufanya hivyo kwa kiasi akiwa mzima. Mwenye maradhi ya figo asifanye hivyo kabla ya kumwona daktari. Na kwa kila ahadi mpya ya protini, msomaji aulize kwanza ni kitu gani kimeondolewa kwenye sahani, kwani tangu zama za Banting mizani imeshushwa zaidi na kilichoondolewa kuliko na kilichoongezwa.